Bumu, Shwari na Fuliza: Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na Stadi za Fedha

Katika vyuo vikuu vya Kenya kuna juma moja ambalo mwenye kibanda cha chakula hulitambua mapema kuliko mhadhiri. Ni juma ambalo fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, inayojulikana zaidi kwa jina la HELB, huwafikia wanafunzi. Aliyezoea chapati mbili na madondo huagiza kuku. Viatu vilivyokuwa vikitamaniwa kwa mbali sokoni hununuliwa. Madeni ya bwenini hulipwa kwa bashasha, na hata asiyekuwa na rafiki hupata wawili watatu. Baada ya majuma saba au manane kibanda kile kile huwa kimya, na daftari la mwenye kibanda, lile lenye majina ya wadaiwa na nambari za vyumba vyao, hufunguliwa upya.

Mtazamaji wa mbali husema kwamba vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Makala haya yanashikilia kwamba dhiki ya mwanafunzi, aghalabu, haitokani na ulafi bali hutokana na namna fedha zinavyomfikia na majina zinayopewa. Fedha humjia kwa mkupuo ilhali njaa humjia kila siku. Aidha, fedha hizo huitwa kwa majina matamu yanayoficha ukweli kwamba ni deni. Kwa hiyo stadi za fedha kwa mwanafunzi huanza kwa mambo mawili yanayoonekana kuwa madogo: kuijua kila shilingi kwa jina lake halisi, na kuligawa fungu moja kubwa liwe mafungu mengi madogo kabla ya kutumia hata senti moja. Kuhusu hilo la kwanza, mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ya pekee kwa kuwa majina na maana zake ndiyo taaluma yake. Kuhusu la pili hana nafuu yoyote kuliko mwenzake wa uhandisi; pengine hata ana hasara, kwa kuwa mwenzake walau hazikimbii hesabu.

Fedha iliyoitwa bumu

Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 1974. Miaka hiyo karo ilikuwa juu ya serikali, na mkopo ulikidhi malazi, chakula na matumizi mengineyo. Zile fedha za matumizi zilizomfikia mwanafunzi mkononi ziliitwa "bumu", neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, ambako hutaja mshindo na vilevile kustawi kwa ghafla kwa mambo. Wenzetu wa Tanzania wangali wanalitumia neno hilo hadi leo. Ni neno zuri kwa wimbo au kwa utani wa bwenini. Lakini hebu lichunguzwe kwa jicho la semantiki: ndani yake hamna kukopa, hamna kurudisha, wala hamna mdai. Mna mshindo tu, na mshindo haudaiwi.

Si ajabu basi kwamba wengi walizichukua fedha hizo kana kwamba ni zawadi ya serikali kwa wasomi wake. Mpango wenyewe haukuwa na msingi madhubuti wa kisheria wa kuwafuatilia wadaiwa, na sehemu kubwa ya fedha haikurudi. Ndipo mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria iliyoiunda HELB, ambayo ilipewa jukumu la kutoa mikopo mipya pamoja na kuyadai madeni ya zamani. Watu waliokwisha kuwa na vyeo, wake na waume, na hata wajukuu, wakaanza kupokea barua kuhusu fedha walizozisahau. Bumu likageuka kuwa deni, ingawa kwa hakika lilikuwa deni tangu siku ya kwanza.

Katikati ya historia hiyo kuna mwaka ambao haupewi uzito unaostahili. Mwaka 1991 serikali ilianzisha utaratibu wa kugawana gharama katika vyuo vikuu vya umma. Mwanafunzi akaanza kuchangia karo, na badala ya kuketi mezani na kupakuliwa chakula kama ilivyokuwa, akawa analipia kila sahani anayokula. Utaratibu huo ulipingwa vikali, na kwa sababu za haki. Lakini jambo moja halikuzungumzwa sana wakati ule. Kabla ya 1991 kazi ya kukadiria unga, maharagwe na mboga za muhula mzima ilikuwa ya mkuu wa jikoni. Baada ya hapo kila mwanafunzi, mwenye umri wa miaka kumi na tisa au ishirini, akawa mkuu wa jikoni yake mwenyewe bila kufunzwa kazi hiyo na mtu yeyote. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023, ambao uligawa gharama kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia, uliutia uzito zaidi mzigo huo wa kukadiria. Familia nyingi zililazimika kupiga hesabu ambazo hapo awali zilipigwa na wizara.

Kuazima, kukopa, riba na ada

Kiswahili kina hazina ya kutosha ya maneno ya fedha, na baadhi yake hufundisha zaidi ya kitabu cha uchumi. Chukua tofauti kati ya kuazima na kukopa. Anayeazima kitu hukirudisha kitu kile kile: jembe, kamusi, suti ya harusi. Anayekopa hukitumia kikaisha, kisha hulipa kingine chenye thamani ile au zaidi. Jembe lililoazimwa lipo. Unga uliokopwa umeliwa. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hii imefifia, na ni kawaida kumsikia mwanafunzi akisema kwamba "ameazima" shilingi mia tano kwenye simu. Shilingi hizo hazitarudi zenyewe. Zitarudi nyingine, na zitakuja na wenzake.

Karadha nayo ni mkopo wa wema, ambao mkopeshaji hatarajii faida juu yake. Mkopo wa rafiki wa chumba kimoja ni karadha, na hapo ndipo ulipo utamu wake na hatari yake, kwa kuwa usipolipwa kinachopotea si fedha tu. Riba ni ile nyongeza anayoidai mkopeshaji. Kwa Mwislamu neno hili si la benki pekee. Ni suala la imani, na wapo wanafunzi wa Pwani na Kaskazini Mashariki waliojiepusha na mkopo wa HELB kwa sababu hiyo. Kisha kuna ada. Ada kwa asili ni desturi, jambo lililozoeleka, na ni malipo ya kawaida kwa huduma: ada ya mtihani, ada ya kiingilio. Neno hili halimshtui mtu.

Sasa tazama lilivyotumika. Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 sheria ya Kenya iliweka kikomo cha riba ambayo benki ingeweza kutoza. Katika kipindi hicho chote M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya simu iliyozinduliwa Novemba 2012, iliendelea kutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kwa kuwa tozo hiyo ilihesabiwa kuwa ada, si riba. Asilimia 7.5 kwa mwezi, mtu akiizungusha miezi kumi na miwili, ni asilimia 90 kwa mwaka, hata kabla ya kuhesabu nyongeza juu ya nyongeza. Hakuna sheria iliyovunjwa hapa. Lililopo ni somo la isimu: kubadilika kwa jina kulibadilisha sheria inayohusika, na mkopaji aliyesikia "ada" hakujiuliza swali ambalo angejiuliza kama angesikia "riba".

Majina ya huduma zenyewe nayo yanastahili tasnifu ya mtu. Shwari ni utulivu wa bahari, hali anayoiombea kila nahodha. Kufuliza ni kuendelea na jambo bila kukatiza, na kwa kweli Fuliza, iliyoanza Januari 2019, humwezesha mtu kuendelea kulipa hata salio linapokwisha. Aliyeyabuni majina haya alikijua Kiswahili barabara, na ni muhali kuukataa ufundi wake. Ila mtu anaweza kufuliza vilevile katika kuzama.

Hesabu ya juma kwa juma

Hebu tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kubuni wa mwaka wa pili, anayekaa katika bweni la chuo. Muhula una majuma 15. Mkopo wake wa matumizi, shilingi 24,000, unamfikia mwishoni mwa juma la nne, kwa sababu kuchelewa kwa fedha hizi ni jambo la kawaida kuliko kuwahi. Akilini mwake anaona shilingi 24,000 na majuma 11 yaliyosalia, yaani takriban shilingi 2,180 kwa juma. Kwa kipimo hicho kuku si anasa.

Lakini katika yale majuma manne ya kungoja alikula. Anadaiwa shilingi 3,000 kibandani na bwenini. Zimebaki 21,000. Malazi ya bweni, tuseme, ni 5,000, zimebaki 16,000. Nakala za vitabu, uchapishaji wa kazi za muhula na vifurushi vya intaneti vinakula 2,000, zimebaki 14,000. Nyumbani kuna mdogo wake aliyerudishwa kwa ajili ya karo, naye anatuma 2,000, zimebaki 12,000. Aidha, akiwa na busara, atakumbuka kwamba muhula ujao nao utaanza kwa kungoja, na kwamba deni la kibandani lilizaliwa katika kungoja huko. Basi ataongeza majuma matatu ya mwanzo wa muhula ujao juu ya yale 11. Shilingi 12,000 kwa majuma 14 ni kama shilingi 857 kwa juma, au 122 kwa siku.

Kati ya 2,180 na 857 ndimo dhiki nzima ya mwanafunzi ilimo. Hakuiba mtu, wala hakupoteza. Alihesabu fungu zima kana kwamba lote lilikuwa la kula, ilhali nusu yake ilikuwa na wenyewe kabla haijafika.

Ni kweli kwamba shilingi 122 kwa siku hazimtoshi mtu mzima anayesoma hadi usiku wa manane. Washauri wengi wa mambo ya fedha hulipita jambo hili upesi na kukimbilia kuhimiza nidhamu. Bajeti haiongezi hata shilingi moja. Kazi yake ni kulionyesha pengo mapema. Anayejua katika juma la tano kwamba atapungukiwa ana nafasi ya kutafuta wanafunzi wa sekondari wa kuwafunza Kiswahili jioni, kuomba kazi ya saa chache katika maktaba, kuandika ombi la ruzuku ya eneo bunge au ya kaunti, au kukubaliana na mzazi kuhusu kiasi kidogo cha kila juma badala ya kungoja kilio. Anayelijua jambo hilo katika juma la kumi na mbili, njaa ikiwa tayari imebisha hodi, ana mlango mmoja tu uliobaki wazi, nao uko kwenye simu.

Njia ya kuligawa fungu si ngumu, ingawa inataka ukaidi. Siku ile ile fedha zinapoingia, yalipwe yasiyoepukika: deni, malazi, salio la karo. Kiasi kilichosalia kihamishwe kutoka mahali pa matumizi ya kila siku, kipelekwe katika akaunti ya akiba ambayo kuitolea fedha kunahitaji walau hatua mbili. Kisha kila Jumapili jioni mwanafunzi ajilipe mshahara wa juma, shilingi 857 au zozote zilizotoka katika hesabu yake, na ukiisha Alhamisi, Ijumaa iwe siku ya githeri. Wapo wanaofaulu kwa bahasha za karatasi zilizoandikwa nambari za majuma. Wengine huanza kwa kununua unga, mchele, maharagwe na sabuni za muhula mzima, kwa kuwa fedha zilizokwisha kugeuka kuwa unga haziwezi kununua viatu. Wanafunzi wanne wanaopika pamoja hula vizuri kuliko mmoja anayekula kibandani, ijapokuwa msimamizi wa bweni ana kanuni zake kuhusu mitungi ya gesi na koili za umeme, na kanuni hizo zina sababu.

Halafu kuna daftari. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hii imenukuliwa katika insha nyingi za shule kuliko ilivyotekelezwa. Daftari la matumizi halihitaji elimu ya uhasibu. Tarehe, kitu, kiasi, basi. Majuma mawili ya kuandika hutosha kufichua bandu zinazomaliza gogo: ada za kutuma na kutoa fedha kwa simu, vifurushi vya saa moja vya intaneti vinavyonunuliwa mara nne kwa siku, soda ya kila baada ya mhadhara, na nauli ya bodaboda kwenda mahali pa mwendo wa dakika kumi.

Bei ya mkopo wa simu

Turudi kwenye ule mlango wa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kupokea fedha kutoka kwa mzazi aliye mbali kumekuwa jambo la dakika moja, na hakuna anayetamani kurudia siku za kutuma bahasha kwa utingo wa basi. Lakini mkono uliorahisisha kupokea umerahisisha pia kukopa. Fuliza ilipoanza, aliyechukua kiasi kati ya shilingi 501 na 1,000 alitozwa shilingi 10 kila siku, juu ya ada ya kuingilia ya takriban asilimia moja. Mwaka 2022 tozo la kila siku kwa kiasi hicho likapunguzwa kwa nusu, na siku tatu za kwanza zikawa bila tozo hilo. Ni nafuu kubwa, na ni haki kuitaja.

Hata hivyo, pigeni hesabu. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Shilingi 1,000 za HELB hugharimu shilingi 40 kwa mwaka mzima. Shilingi 1,000 za Fuliza, kwa tozo la shilingi 5 kwa siku, hufikisha shilingi 40 katika siku nane za kutozwa. Kinachofanyika mwaka mzima upande mmoja hufanyika kwa juma moja na ushei upande wa pili. Tena, fedha yoyote inayoingia katika M-Pesa ya mtu mwenye deni la Fuliza hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Mzazi anayetuma shilingi 800 za chakula huenda asijue kwamba nyingi ya hizo hazitafika jikoni, na mkopo wa HELB wenyewe ukipitia simu hiyo huanza kwa kulipa mkopo mwingine. Hapa ndipo wahenga wangesema kukopa harusi, kulipa matanga.

Hii haina maana kwamba mkopo wa simu ni haramu kwa kila hali. Mwanafunzi aliyekwama stendi usiku, akiwa na hakika ya kulipa kesho yake, hununua usalama kwa shilingi chache. Ubaya huja pale mkopo unapokuwa sehemu ya chakula cha kila juma.

Zipo pia programu za mikopo zinazopakuliwa kwenye simu, na hizo zina historia chungu zaidi. Kwa miaka kadhaa baadhi ya wakopeshaji hao waliwapigia simu watu waliomo katika orodha ya mawasiliano ya mdaiwa, wakamtangazia deni lake kwa mama, kwa mchungaji, hata kwa mhadhiri. Vijana waliorodheshwa katika taasisi za taarifa za mikopo kwa madeni ya mamia machache ya shilingi. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilipiga marufuku kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000, na kanuni za Machi 2022 zikawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni na kuwakataza kumwaibisha mdaiwa kwa jamaa zake. Mwanafunzi anayetaka kukopa huko hana budi kutazama kwanza kama mkopeshaji yumo katika orodha ya leseni ya Benki Kuu. Orodha hiyo iko wazi kwa umma.

Kuhusu kamari ya kandanda itoshe kusema kwamba mkeka, katika Kiswahili cha zamani, ulikuwa wa kulalia.

Nyumbani na chama

Vitabu vya stadi za fedha vinavyouzwa madukani, ambavyo vingi vimeandikiwa wasomaji wa Marekani, humchukulia mwanafunzi kuwa mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Mwanafunzi wa Kenya mara nyingi ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuoni, na nyumbani wanaamini kwamba serikali inamlipa. Shilingi 2,000 alizotuma yule mwanafunzi wa kubuni hazikuwa ubadhirifu. Kumshauri asitume kabisa ni kumshauri asiwe mtu. Linalofaa ni kuliandika jambo hilo katika bajeti tangu mwanzo, kwa kiasi kinachojulikana, na kuwaeleza wazazi mapema kwamba fedha hizo ni mkopo utakaolipwa. Mazungumzo hayo ni magumu. Kwa Kiswahili cha heshima au kwa lugha ya mama huenda vizuri zaidi kuliko kwa ujumbe mfupi wa simu wenye neno "sina".

Akiba ya mwanafunzi haiwezi kuwa kubwa, na haina haja ya kuwa kubwa. Shilingi 50 kwa juma, kwa majuma 30 ya masomo katika mwaka, ni 1,500. Kwa miaka minne ni 6,000. Si mtaji wa biashara. Lakini aliyewahi kumaliza shahada na kurudi nyumbani bila nauli ya kwenda kwenye mahojiano ya kazi anajua uzito wa shilingi 6,000. Chama cha wanafunzi watano au sita, ule utaratibu ambao Waswahili huuita upatu, hufanya kazi kinyume cha mkopo: mkopo huja kwa mkupuo ukahitaji kugawanywa, nao upatu huchukua vijisehemu ukavifanya mkupuo. Kwa hiyo humfaa zaidi anayepokea kidogo kidogo, mathallan anayefunza jioni, kuliko anayetegemea HELB pekee. Akiba ya muda mrefu zaidi inaweza kuwekwa katika SACCO au katika mifuko ya soko la fedha inayosimamiwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo baadhi yake hupokea hata kiasi kidogo. Wanaoahidi kuzidisha fedha mara mbili kwa mwezi wapishwe njia.

Mwia na mdhamini

Kiswahili cha kale kina kitenzi kuwia, yaani kuwa na dai juu ya mtu. Mwenye dai ni mwia, na mwenye deni ni mwiwa. Mwanafunzi aliyekopa HELB ni mwiwa tangu mwaka wa kwanza, ingawa mwia wake humngoja kwa subira. Anatakiwa kuanza kulipa katika muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asipolipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Aliyekopa jumla ya shilingi 200,000 kwa miaka minne anadaiwa riba ya takriban shilingi 8,000 katika mwaka mmoja. Faini kwa mwaka huo huo ni shilingi 60,000. Kwa hiyo kinachowaangamiza wahitimu wengi si riba ya HELB, ambayo ni nafuu kuliko ya mikopo mingi watakayoipata baadaye, bali ni kimya. Miaka mitatu ya kunyamaza huongeza 180,000 juu ya zile 200,000. Asiye na kazi hawezi kulipa, hilo linajulikana. Lakini anaweza kuiandikia Bodi, kuieleza hali yake na kutunza nakala ya barua, kabla ya hesabu kufika pabaya. Waajiri nao, hususan serikali, huomba cheti cha HELB kabla ya kumwajiri mtu.

Katika mpango huo kuna mtu wa tatu ambaye husahauliwa. Ombi la mkopo huhitaji wadhamini. Zamani fomu zilijazwa kwa kalamu na kupelekwa kijijini kutiwa sahihi. Leo ombi hufanywa kwa mtandao, lakini majina na vitambulisho vya wadhamini bado huhitajika. Aghalabu wadhamini hao ni mama, ami, mwalimu mstaafu au mzee wa kanisa, watu ambao wametoa vitambulisho vyao kwa mapenzi na kwa fahari kwamba mtoto wao anaenda chuoni. Masharti yenyewe huwa kwa Kiingereza cha sheria. Wengi wao wameambiwa tu kwamba ni karatasi za shule.

Mwanafunzi wa Kiswahili amefunzwa tafsiri kwa mihula kadhaa. Amefasiri hotuba na hadithi fupi kwa ajili ya alama. Masharti ya mkopo wake mwenyewe ni kurasa chache tu. Anaweza kuketi na mdhamini wake na kumsomea kwa lugha wanayoielewa wote wawili: nani anayewia, nani anayewiwa, asilimia 4 ni nini, mwaka mmoja unaanza kuhesabiwa lini, shilingi 5,000 hutozwa kwa kosa gani, na mdhamini huulizwa nini mkopaji akitoweka. Kazi hiyo huchukua saa moja hivi, na yafaa ifanywe kabla nakala ya kitambulisho haijatoka nyumbani.